Sura ya Saba: Tableti Namba Sita

Kofi la tatu ndilo lililong'oa jino. Likadondoka kwenye vigae, likateleza hadi chini ya meza ya mikutano, na Sajenti akalifuata kwa macho kama mtu aliyeangusha kifungo cha shati.

"Bado hujakumbuka ulikompeleka?" akauliza, akiinua mkono kwa kofi la nne.

"Mkono huo ukishuka tena," sauti ilisema mlangoni, "kesho utautumia kuongoza magari barabarani."

Sajenti akaushusha mkono taratibu. Inspekta aliingia, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kelele, akavuta kiti na kuketi mbele ya mtu aliyekuwa akipigwa. Sajenti hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Ila mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko kichwa chake, na katika polisi watu wa namna hiyo hawakosekani.

Aliyefungwa pingu kwenye kiti alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, pande la mtu, damu ikimchuruzika kidevuni. Mke wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Mchoraji, hakujulikana alipo tangu asubuhi. Saa tatu mfagiaji alifungua chumba cha kazi, hapo jirani, akakuta damu juu ya meza, damu chini ya meza, damu ukutani hadi kimo cha mtu aliyesimama. Palikuwa na stendi ya chuma ya kusimamishia tableti, nayo imenasa nywele. Mwili haukuwepo. Daktari wa polisi aliitazama ile damu, akasema mwenye damu hiyo kama bado anapumua ana saa chache tu, tena akibahatika. Sasa ilikuwa saa saba mchana.

"Kitabu cha mlinzi kinasema uliingia saa moja na nusu," Inspekta alisema. "Ukatoka saa mbili kasoro dakika kumi, ngumi ina damu, peke yako, kwa miguu. Na mlango wa lifti una damu."

"Ni yangu. Niliipiga lifti." Fundi alitema mate mekundu pembeni, kwa adabu, asimchafue. "Mke wangu hajalala nyumbani siku sita, Afande. Nikaja kumchukua. Akaniambia, baba watoto, nivumilie, kesho tunaionyesha kazi, kesho kutwa mimi ni wako. Nikakasirika. Lakini sikumgusa. Ningempiga yeye, lifti ningeipigia nini?"

"Na ulirudi saa tatu na robo."

"Nilisikia. Nikaja mbio. Ndipo huyu akanipokea."

Sajenti alikohoa. Hadithi yake yeye ilikuwa imenyooka: mume kaua, kashusha mwili kwa lifti hadi maegesho ya chini, mlinzi alikuwa kasinzia. Inspekta alimwambia ampe yule mtu maji, pingu zibaki kwanza. Kisha akavuka kwenda chumba cha kazi. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na ukuta wa kioo tu, na Fundi alimfuata kwa macho yaliyovimba.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya watu watatu katika ghorofa ya tatu. Walikuwa wakitengeneza programu ya kusomea habari kwenye tableti: inakusanya habari kutoka magazeti na redio za kila pembe, inazipanga, msomaji anafunua kurasa kwa kidole. Mchoraji alichora sura yake, yaani kitu gani kikae wapi na kidole kipite wapi. Aliyeiandika programu yenyewe walimwita Kidole, kwa kuwa aliandika kwa vidole viwili tu na bado akawashinda wenye kumi. Wa tatu alikuwa Bosi, mama wa makamo, kazi yake kutafuta wanunuzi. Wote watatu walikuwa wakilala ofisini wiki nzima. Baada ya Fundi kutoka, kitabu cha mlinzi hakikuandika mgeni mwingine hadi mfagiaji. Kwa hiyo ama ni Fundi, ama ni mmoja wa hawa wawili waliobaki.

Bosi alikuwa ameketi sakafuni bila viatu, macho mekundu. "Nilimeza dawa ya usingizi alfajiri," alisema. "Nikalala kwenye zulia la ofisi yangu, mlango nimefunga. Afande, wangebomoa jengo nisingesikia. Nimeamka saa tatu kwa ukelele wa mfagiaji, nimeloa jasho, nikawasha kiyoyozi, ndipo nikatoka nikaona haya."

"Nani alikuwa na ugomvi naye?"

Bosi alimtazama Kidole, akatazama chini. Kidole akajibu mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mtulivu, amevaa fulana mpya yenye nembo ya programu, mikunjo ya kwenye boksi bado inaonekana kifuani.

"Mimi. Sifichi. Tulibishana mwezi mzima." Alichukua tableti mezani, akamwonyesha. Picha ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyelala barabarani, shuka halijamfunika uso. Ya pili, basi lililoungua na abiria wake. "Mtu akiona damu, kidole kinasimama. Sekunde nane. Akiona shule mpya, sekunde moja na nusu, kapita. Programu inapima, halafu inampa anachokitaka. Mimi sipangi. Vidole vyao vinapanga. Dada yetu akasema hatachorea kurasa bucha la watu."

"Alinipa sharti," Bosi alisema chinichini. "Yeye au Kidole. Jana nikamwambia Kidole, baba, baada ya onyesho tafuta kazi kwingine."

"Na ulilichukuliaje?" Inspekta alimwuliza Kidole.

"Kazi ni nyingi. Asubuhi nilikuwa chumba cha mwisho, spika za masikioni, naandika. Sikusikia kitu. Namsikitikia shemeji yangu yule, ila hasira hasara."

"Na fulana?"

"Kahawa ilinimwagikia."

Inspekta alizungukazunguka. Ukuta mmoja ulibandikwa karatasi kama arobaini, kazi ya penseli ya Mchoraji: kila ukurasa wa programu, kila kitufe, mishale ikionyesha kidole gumba kinapotoka na kinapokwenda. Alikuwa na mwandiko mzuri. Ukuta wa pili ulikuwa na televisheni kubwa, imezimwa, na simu ya konstebo inachajiwa kwenye soketi yake.

"Hii ya nini?"

"Ya majaribio," Bosi alisema. "Tuna tableti sita. Ukigusa mojawapo popote humu jengoni, mguso unaonekana pale, kitone. Ndivyo Mchoraji alivyojua msomaji kapotelea wapi."

"Nani kaizima?"

Konstebo alisema simu yake ilikuwa na asilimia mbili. Inspekta alimtazama mpaka akaenda mwenyewe kuichomoa na kurudisha waya wa televisheni. Televisheni ikawaka, ikagawanyika vyumba sita. Vitano vilikuwa vya kijivu, tableti zake ziko mezani pale. Katika cha sita, kitone cha bluu kikatokea, kikafifia. Kikatokea tena.

Bosi alisimama bila kujua kasimama. "Namba sita ni yake. Huwa anajifunga nayo mkononi kwa mkanda, siku nzima, ili ajue mkono wa msomaji unachoka dakika ya ngapi. Haivui hata akienda kula."

Nyuma ya kioo kiti kililia. Fundi alikuwa amesimama nacho, pingu na kiti na vyote, paji la uso limegota kiooni. "Ni yeye," alisema. "Anagusa. Afande, mke wangu anagusa."

Konstebo wanne walitoka mbio. Tableti ilikuwa inashika mtandao wa ofisi, kwa hiyo ilikuwa humohumo jengoni, na jengo walikwishalipekua mara mbili, vyumba, paa, matangi ya maji, magari, mapipa ya taka. Inspekta hakukimbia. Alimwomba Bosi amfungulie kumbukumbu zote za namba sita tangu asubuhi, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari na Sajenti akimpumulia begani.

Saa mbili na dakika nane, tableti ilisimama wima, ikalala, ikasimama, ikalala, mara kumi na moja ndani ya dakika moja. Anayesoma habari haigeuzi hivyo. Huo ulikuwa mkono wa mtu anayejikinga.

"Saa mbili na dakika nane," Inspekta alirudia. "Na mumewe kaandikwa katoka lini?"

"Saa mbili kasoro dakika kumi," Sajenti alijibu. Mkono wake aliuingiza mfukoni.

Kutoka dakika ya kumi hadi ya ishirini na nne palikuwa na miguso kumi na tisa, yote kona ya chini, upande wa kulia. Iliyumbayumba. Mmoja ulivutwa kama kidole kilichoteleza. Halafu kimya, hakuna kitu kabisa. Ilipofika saa tatu na dakika chache ndipo kikaanza kitone hiki cha sasa: mahali pamoja, katikati ya kioo, kila baada ya sekunde kumi na moja, hakisogei hata unywele. Kiliendelea hivyo hadi saa hii, isipokuwa kuanzia saa tano hadi saa tano na dakika ishirini kilikoma.

"Saa tano kulitokea nini?"

"Umeme ulikatika, Afande. Tulichemka humu ndani," Bosi alijibu.

Inspekta aliinua macho akakitazama kiyoyozi cha ukutani, akaangalia bomba lake la maji lilivyotoboa ukuta kuelekea nje. Akaelewa kinachokigusa kile kioo. Hakuna kidole cha mtu aliye hai kinachoweza kugusa nukta moja mara elfu na zaidi. Aligeuka akamwona Fundi nyuma ya kioo, anacheka na kulia kwa mdomo wenye pengo bichi, na moyo ukamuuma kwelikweli. Angeweza kumwambia palepale. Lakini aliyeuficha mwili alikuwa hatua nne kutoka pale, na bila mwili wakili yeyote angeicheza kesi hii kama karata. Akaumeza ukweli.

"Kona ya chini, kulia," alimwuliza Kidole, kama mtu anayeuliza njia. "Kwenye programu pana nini hapo?"

"Hapana kitu. Nafasi tupu."

Inspekta alisogea hadi ukuta wa karatasi. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu: kila mmoja, kona ya chini kulia, Mchoraji alichora kitufe kidogo cha duara na kuandika kwa mwandiko wake mzuri, *Kuna kosa? Mwambie fundi.* Alimkonyeza Bosi amsogelee, akaonyesha kwa kidevu.

"Kitufe cha majaribio," Bosi alinong'ona. "Kitaondolewa kabla ya kuuza. Ukikibonyeza, taarifa inakwenda kwenye mashine ya Kidole, na mashine inalia mlio."

Tableti ile haikuwa na simu wala barua. Ilisoma habari tu. Kitufe hicho ndicho kitu pekee ambacho kingeweza kumwita binadamu, na binadamu aliyeitwa alikuwa huyu wa fulana mpya. Mara kumi na tisa mashine ilimlilia, dakika kumi na nne nzima, naye akakaa. Mguso wa ishirini haukuja. Inspekta alijua, kadiri polisi anavyoweza kujua, kwamba saa mbili na dakika ishirini na nne ndiyo ilikuwa mwisho.

Bado hakujua ni wapi. Alikumbuka aliloambiwa na mfagiaji asubuhi, kwamba Kidole unaweza kumtukania mama yake akakusamehe, ila ukisema programu yake ina kosa, mwezi mzima hamsalimiani.

"Sajenti, andika," alisema kwa sauti ya kuchoka, ya kusikika chumba kizima. "Kumbukumbu za tableti hazifai mahakamani. Programu ina kasoro."

Kidole aliinua kichwa. "Kasoro gani?"

"Inahesabu vidole hewa. Mara elfu, nukta moja. Mwanafunzi angeandika yenye nafuu."

"Haina kasoro."

"Bosi, kesho uwaambie wanunuzi ukweli. Mchoraji alifanya kazi safi, aliyeharibu ni mwandishi."

Bosi hakujua mchezo ulikokwenda, lakini machozi yake yalikuwa ya kweli. "Alinionya," alisema. "Aliniambia mara ngapi."

Kwa mtu mwingine yeyote hapo palikuwa pa kunyamaza na kumshukuru Mungu. Kumbukumbu zikitupwa, Fundi ndiye wa kunyongwa. Kidole alilijua hilo vizuri, lilionekana usoni, na bado akasimama.

"Nimeijaribu kwenye manyunyu siku nzima, juu ya paa," alisema, akimnyooshea Inspekta kidole. "Inachuja maji. Tone la mvua haliwezi kuhesabiwa hata siku moja. Ila tone la kiyoyozi likishuka ghorofa tatu nzima linakipiga kioo kwa uzito wa kidole, na hakuna programu duniani ambayo ingeweza..."

Akakoma. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na ya huyu haikumfikisha hata mlangoni.

"Mimi sijataja maji," Inspekta alisema. "Wala sijataja ghorofa."

Stendi nyingine tano za chuma zilikuwa mezani. Kidole alinyakua ya karibu, akampiga Sajenti nayo sikioni. Sajenti akaanguka na meza ndogo na kila kilichokuwa juu yake. Pigo la pili lilimpata Inspekta juu ya jicho, ngozi ikachanika, damu ikamziba upande mmoja. Alisikia kioo kikipasuka. Fundi alikuwa ameupitia ule ukuta na kiti chake mkononi, vipande vimemng'ang'ania mabegani, akamgongesha Kidole ukutani kwenye karatasi za penseli, akamkandamiza kwa kiti mara moja, mara mbili, mbavu zikasikika. Kidole bado alikuwa na chuma. Akakiinua kukilenga kisogo cha Fundi. Inspekta alikipiga kile kifundo cha mkono kwa kitako cha bastola, akapiga tena palepale mpaka vidole vikafunguka vyenyewe.

"Ulizisikia," alimwambia, akimkalia mgongoni huku akimfunga pingu. "Taarifa kumi na tisa."

Kidole alihema kwa maumivu, shavu sakafuni. "Zilikuwa tupu," alisema. "Zote. Hakueleza kosa ni nini."

Sajenti, damu zikimtoka sikioni, alitambaa hadi kwa Fundi akamfungulia pingu mwenyewe.

Choo cha ghorofa ya tatu kilikuwa na dirisha la vioo vya vipande, juu ya sinki. Vipande vinne vilikuwa visafi kuliko vingine. Inspekta alivichomoa, akachungulia. Katikati ya jengo palikuwa na upenyo wa hewa, kuta pande zote nne, mabomba ya viyoyozi yakining'inia na kudondosha. Chini kabisa, gizani, kioo kidogo kiliwaka na kufifia.

Upenyo haukuwa na mlango. Zamani ulikuwa nao, kwenye ghala la chini, ukazibwa kwa tofali. Inspekta alishuka ngazi kitambaa kikiwa jichoni, na alipofika ghalani alimkuta Fundi ameazima nyundo kwa mlinzi na simu kwa mtu mwingine, anaongea huku anavua shati.

"Mama, tumempata. Ndiyo, yuko hai, anagusa tableti, nimeona kwa macho yangu. Njoo. Mletee vya hospitali."

Alikata simu, akamrudishia mwenyewe, akaanza kupiga tofali. Inspekta alifungua mdomo. Sasa hapakuwa tena na sababu yoyote ya kipolisi ya kunyamaza: mwuaji alikuwa na pingu, mahali pamejulikana. Aliogopa tu. Akasimama pembeni, Fundi akapiga, vumbi likapaa, na kila tofali iliposogea alipenyeza mdomo akaita, "Mama watoto, nakuja, usilale, nakuja." Aliubomoa ukuta ule dakika ishirini, ukuta ambao wanaume wawili wangeshindwa kuumaliza kwa saa nzima, kisha akaingia kwa magoti.

Hakulia. Inspekta alipoingia nyuma yake na tochi, Fundi alikuwa ameushika mkono wenye mkanda wa tableti, anajaribu kuukunja, nao haukunjiki. Tone likashuka likagonga kioo kilichopasuka. Kitone cha bluu kikawaka. Fundi alikitazama, akatazama juu lilikotoka.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu tukiwa juu. Kabla hujavunja kioo."

Fundi alitikisa kichwa polepole. Vidole vyake, vilivyochunika kwa tofali, viliifungua ile tableti mkononi mwa mkewe, akaigeuza kifudifudi chini. "Mama mkwe wangu anakaa barabara ya pili tu," alisema bila kugeuka. "Nimemwambia mwanawe anapumua. Atakuwa keshafika getini. Mimi sitoki humu kumwambia lingine. Nenda wewe."

Inspekta alitoka kwa magoti, akapanda ngazi, akavuka maegesho kwenye jua. Getini alisimama mama mmoja mnene, kandambili tofauti miguuni, kila mguu na rangi yake, anamwomba mlinzi ampishe. Mkononi alikuwa na mfuko, na kutoka kwenye mfuko khanga na soksi za sufu zilichungulia. Alipoiona damu usoni kwa Inspekta, alidhani ni muuguzi wa namna fulani, au mtu aliyesaidia.

"Pole, mwanangu, umeumia," alisema. "Nimeleta soksi, maana hospitalini kuna baridi na yeye miguu yake haivumilii. Wamemlaza wapi?"

Inspekta alikishusha kile kitambaa cha jichoni.

"Mama," alisema, "niliyemwacha mkwe wako akupigie ile simu ni mimi. Nilijua kuwa si kweli."

Yule mama alisogea karibu kidogo, kama asiyesikia vizuri, na mfuko akauhamishia mkono wa pili.

"Sawa," alisema. "Lakini amelazwa wapi?"